Huzuni ya Kurasa Tatu

Katika vitabu vya Mwalimu Donati, mtoto hakuruhusiwa kuwa na huzuni zaidi ya kurasa tatu. Si kwamba mwalimu alikuwa na roho ngumu; ilikuwa hesabu ya karatasi tu. Mtambo wa Morogoro uliomchapia ulikunja karatasi moja kubwa zikatoka kurasa kumi na sita, na ya kumi na saba haikuwepo hata ungelia. Kurasa nane za kwanza watoto walilima, maana ndiyo shabaha ya kitabu. Ukurasa wa tisa mmoja wao alivunjika moyo. Wa kumi rafiki yake alimwona kajiinamia, akamuuliza. Wa kumi na moja wakashika majembe wakaimba. Ukifungua wa kumi na mbili, yule mwenye huzuni amekwisha kucheka mpaka meno yote yako nje, na mchoraji hakuacha hata moja. Kurasa zilizobaki zilikuwa za mavuno na maswali ya ufahamu.

Mfululizo huo uliitwa Vijana wa Jua Jipya, na ulikuwa umefika kitabu cha sita. Kutoka Kilosa mpaka Mikumi hapakuwa na kijiji cha ujamaa kisicho na nakala zake, hata vile vijiji ambavyo kisima chao kilikuwa bado kinajengwa mdomoni. Mashujaa walikuwa wasichana wawili, Tunu na Bidii. Kazi ya Tunu ilikuwa kupatwa. Alikwisha potelewa na mbuzi, akashindwa hesabu, akafiwa na bibi, na kila safari Bidii alimfuata akiwa na jembe moja mkononi na jingine begani.

"Huyu Bidii hana kwao?" Odilia alikuwa akiuliza.

"Anako, lakini walimfukuza kwa kelele," Yudith alimjibu, na wote wawili wakatolewa nje ya darasa la saba wakapige magoti juani.

Odilia na Yudith waliletwa kijiji cha Umoja Mpya na lori moja, mwaka ule watu waliteremshwa kutoka milimani wakaambiwa wajenge kwa mistari kando ya barabara. Watu wazima walilia njia nzima. Wao wawili walikaa juu ya magunia, wakatukana kila kijiji kilichopita. Na matusi yao hayakuwa ya utovu wa adabu. Ukoo wa Yudith na ukoo wa Odilia walikuwa watani tangu kwa mababu, na mtani kwetu ni mtu mwenye cheo. Mtani ndiye anayekuzika. Mtani ndiye anayefika msibani kavaa gunia, anajilaza kwenye kaburi lako na kusema haondoki, anakamata jogoo wa wafiwa na hamwachii mpaka akombolewe, na anayemkasirikia ndiye mwenye kosa. Kwa hiyo asubuhi, wakikutana kwenye njia ya shule, walisalimiana kitani.

"Maiti yangu, umeamkaje?"

"Nimeamka nikuzike wewe kwanza, una haraka gani?"

Asubuhi moja masika yakiwa katikati, Yudith alisalimia, na Odilia akamtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina lake. Akasema, "Sijui." Akapita.

Yudith alisimama pale njiani na vitabu vyake kichwani. Angetukanwa tusi la kuchoma asingeumia. Neno lile lilimshika kifuani, asijue aliweke wapi.

Baada ya hapo Odilia alianza kupungua. Nywele hazikuguswa na kitana. Ugali aliumega, akaufinyangafinyanga, akaurudisha. Alikaa nyuma ya nyumba yao akitazama ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa wa udongo, hauna hata ufa wa kutazama. Alilala mchana, akaamka amechoka. Watu wa hospitali siku hizi wana jina la kitu kile. Umoja Mpya hawakuwa nalo, lakini hawakukosa majina. Mkunga alimpima akakuta hana mimba, wakakasirika kidogo, maana mimba ingekuwa imemaliza maneno. Wakampa dawa ya minyoo. Minyoo haikutoka. Wanawake wa bondeni walisema ni jini, wa milimani wakasema ni uvivu. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kasian, aliyekuwa anapenda jambo liwe na msimamo, alilitolea tamko mkutanoni.

"Ndugu zangu, katika kijiji cha ujamaa, mtu akihuzunika peke yake huo ni ubinafsi. Huzuni iletwe hapa, tuigawane."

Watu wakapiga makofi. Odilia aliletwa. Aliketi mbele, kila mtu akamtazama, na haikugawanyika.

Aliyefurahi alikuwa Mwalimu Donati. Mwalimu alikuwa mkuu wa shule na mtu mwema, tena mwenye mapafu, akiimba wimbo wa asubuhi alisikika mpaka kwenye reli. Wakati huo alikuwa anaandika kitabu cha saba. Kilikuwa kimesimama ukurasa wa tisa kwa kukosa msiba mpya wa kumpa Tunu. Alimwita Yudith ofisini.

"Yudith, wewe ndiye Bidii."

"Mimi ni Yudith, mwalimu."

"Sikiliza. Rafiki yako ameanguka. Nani atamwinua? Utamwendea jioni, utasimama mbele yake, utasema hivi." Akasoma kwenye karatasi, sauti ikitetemeka kwa kuipenda. "Ewe rafiki yangu mpenzi, mbona uso wako umekunjamana hali kijiji chetu kinasonga mbele?"

"Mwalimu, nikimwambia hivyo ataniuliza nani kafa."

"Na hayo ndiyo nataka uyaache! Maiti, kaburi, sijui nikuzike. Bidii anamtukana Tunu?"

"Hamtukani."

"Na Tunu anapona au haponi?"

"Anapona. Ukurasa wa kumi na mbili."

"Basi," mwalimu alisema, kama mtu aliyekwisha fika.

Yudith alikwenda. Alisema afadhali aache shule kuliko kuyatamka maneno yale, lakini alikwenda, kwa sababu alikuwa ameishiwa maneno yake mwenyewe, na mtu aliyeishiwa huazima hata nguo isiyomfaa. Alisimama nyuma ya nyumba. Akasema yote, kuanzia ewe mpaka mbele.

Odilia aligeuza uso polepole.

"Hata wewe?" alisema.

Yudith alirudi kwao akikimbia, akamwambia mama yake, Bibiana, kwamba moshi umemwingia machoni, na siku hiyo kwao hapakuwa na moto.

Kesho yake mwalimu aliamuru ukurasa wa kumi na moja. Darasa zima liliongozana kwenda shamba la bega kwa bega, lile la kijiji kizima, majembe mabegani. Mahindi upande wa Mikumi tembo walikuwa wameyapitia, lakini katika vitabu vya mwalimu tembo hawakuwa na kadi ya kijiji, hawakuingia. Odilia alipewa jembe. Akaambiwa lima, akalima. Akaambiwa imba, midomo ikachezacheza. Mwalimu alimzunguka na penseli kama mtu anayetafuta mahali pa kumpigia picha.

"Cheka kidogo tu, Odilia. Kidogo tu, halafu upumzike."

Odilia alifungua mdomo akaonyesha meno. Mwalimu aliandika kitu, akakitazama, akakifuta. Hata yeye aliona.

Sasa, kitabu kikishindwa na mtu, mwenye kosa ni nani? Si kitabu. Kitabu kilikuwa kimechapwa. Mzee Kasian alimwendea Petro, baba yake Odilia, akamwambia kwamba wageni wa wilaya wanakuja baada ya mavuno, na msichana anayekaa akitazama ukuta anaweza kueleweka vibaya, ikaonekana kama vile hakupenda kuhamishwa. Petro alikuwa mchonga mipini ya majembe, mtu ambaye maneno yake ungeyatia kwenye kiganja na mkono ukabaki mtupu. Alisikiliza, akasema, "Ehe." Mwisho wa juma habari zikafika jikoni kwa Bibiana.

"Wanampeleka Magole kwa shangazi yake," Bibiana alisema akipukuchua mahindi. "Basi likipita keshokutwa."

"Kufanya nini?"

"Kubadili hewa."

"Na yule mwanamume mwenye duka ambaye shangazi anamtafutia mke?"

Bibiana alipukuchua kwanza gunzi lote. "Naye ni hewa. Anasema anataka mke asiye na maneno mengi."

Yudith alikaa chini. Aliiona Magole yote: kaunta, na nyuma yake Odilia amenyamaza, na mume anawaambia wateja tazameni mke niliyepata, hana kelele. Kule hakuna ambaye angejua kwamba mtu huyu zamani alitukana vijiji vizima kutoka juu ya lori. Wangedhani ndivyo alivyo. Angezikwa akiwa anatembea, na mtani wake hayupo.

Keshokutwa yake watu walikusanyika kando ya barabara kusubiri basi la Kilosa. Odilia alikuwa amevalishwa gauni la sikukuu, furushi la nguo miguuni. Petro alisimama kando yake. Mwalimu Donati alikuwa ameandaa maneno machache ya kuaga, na maneno machache ya mwalimu yalikuwa na vichwa vya habari vitatu. Alikuwa kwenye cha pili liliposikika yowe.

Yudith alikuja kutoka upande wa nyumba. Alikuwa amevaa gunia lililotobolewa shingo, uso mweupe kwa majivu, ungo kichwani, na kamba ya katani inaburuzika nyuma. Alilia kilio cha msibani, kile cha watu wazima.

"Maiti yangu iko wapi? Nani anasafirisha maiti yangu bila kunipa habari?"

Watoto walikimbia. Mwalimu alinyamaza katikati ya neno. Lakini bibi vizee waliokaa kwenye mkeka walitazamana, na mmoja akaanza kucheka chinichini, bega likimruka, kwa sababu wao walijua wanachokiona na hawakuwa wamekiona tangu walipoteremshwa na malori.

Yudith alifika kwa Odilia. Akamwaga majivu kichwani mwake, juu ya gauni la sikukuu na vyote. Akamfunga kamba mkononi.

"Nimekamata!"

"Yudith!" Mwalimu alipata sauti. "Mambo gani haya? Kitabu gani kinasema hivi?"

"Mwalimu, mimi si Bidii. Mimi ni mtani."

"Mwenyekiti! Hizi ni mila zilizopitwa na wakati!"

Mzee Kasian alivua kofia, akaivaa tena. Mwili wake ulikuwa wa Chama, lakini umezaliwa na mama wa kule kule milimani. "Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo, "Chama ni Chama. Lakini mtani akishika, ameshika. Sisi hatukufuta hilo. Halikufika kwenye ajenda." Kisha akamgeukia Yudith kwa ukali wa kujisaidia. "Lakini mtani hushika msibani! Hapa msiba uko wapi?"

"Upo," Yudith alisema. Majivu yalikuwa yameanza kumchoma macho. "Tangu masika nyumbani kwa Baba Odilia kuna msiba. Hauna maiti, lakini upo. Mtu wao amepotelea ndani, anaita hasikiki. Na nyie hamjakaa matanga hata mara moja. Mnaimba."

Neno hilo lilikuwa linatembea kijijini kwa muda mrefu bila mtu wa kulisema, maana ukisema kwa mwenzio kwamba kwake kuna msiba na wote wako hai, umemroga. Mtani peke yake ndiye anaweza kulisema akabaki na meno yake. Odilia alikuwa anamtazama Yudith. Majivu yalikuwa kwenye kope zake na hakuyafuta.

Petro alisema, "Ehe," lakini polepole kuliko kawaida.

"Haya, sema fidia," Mzee Kasian alisema, kwa sababu vumbi la basi lilikuwa limeonekana. "Kuku?"

"Sitaki kuku. Nataka mtu wa kwao aje kwetu akae naye mchana mmoja, jua likitoka mpaka likizama. Asimwambie changamka. Wala cheka, wala jikaze, wala asimtajie mtu aliyepona. Akiweza, amchukue aende naye Magole, nami nitawabebea mzigo."

"Hilo tu?" Watu walicheka kwa faraja. "Hilo tu, jamani? Mtoto huyu hajui hata kudai!"

Basi lilipita likiwa na nafasi moja tupu.

Odilia akahamia kwa Bibiana, maana aliyekamatwa hukaa kwa aliyemkamata.

"Umeniletea maiti nyumbani," Bibiana alilalamika.

"Hali sana, mama."

"Angalau hilo. Wewe uliye hai unanimalizia unga."

Wa kwanza kuja kukomboa alikuwa mama yake Odilia. Alifika alfajiri, akakaa, midomo ameibana kama mtu aliyeshika pini za kushonea. Uji ulipoiva alimpa mwanawe bakuli. "Kunywa mama," alisema, "upate nguvu, uchang..." Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Akalia, akaenda zake.

Akaja mjomba. Alifikisha mchana kwa kulala, alipoamka akasema, "Bado tu umenuna?" Akaja shangazi mwenyewe kutoka Magole, mwenye hasira, na basi zima la maneno. Odilia alimwamkia, "Shikamoo shangazi." Shangazi akajibu, "Marahaba, mbona sura hiyo?" na alikuwa hajaketi.

Mambo yakawa makubwa. Mzee Kasian alisema kijiji ni ukoo mmoja, hivyo na yeye ana haki ya kujaribu, kwa heshima ya Umoja Mpya. Alikuja na kiti chake. Kabla ya kukaa alitoa hotuba fupi kuhusu umuhimu wa kutosema chochote, na ndani ya hotuba akasema kwamba kutosema huko kutamsaidia binti yetu achangamke. Bibi vizee walilala chini kwa kucheka. Waliokuwa wamesema ni rahisi sasa walikwepana machoni. Kila mtu aligundua kwamba neno lile alikuwa amelibeba mdomoni kama mate, na ukiambiwa usiteme ndipo mdomo unajaa.

Mwalimu Donati alifuata, na lazima isemwe kwamba alijitahidi kuliko wote. Alikaa na penseli yake, kimya, mpaka jua likapinda. Jasho lilimtoka. Bibiana alimwonea huruma akampa maji. Kisha mwalimu akainama mbele, akasema kwa upole kabisa:

"Odilia, mimi sikwambii uchangamke. Nakuuliza tu. Kama ungechangamka, ungechangamka vipi?"

"Mwalimu," Yudith alisema, "nenda nyumbani."

Katika siku hizo zote Yudith alirudi kwenye kazi yake ya zamani. Kila asubuhi alisema, "Maiti yangu, umeamkaje?" na kila asubuhi hakujibiwa, akaendelea kama mtu anayechota maji kwenye kisima ambacho haoni mwisho wake. Hakuuliza kwa nini. Alichambua mboga karibu naye. Jioni moja, bila kuulizwa, Odilia alisema:

"Ni kama niko ndani ya pipa. Nawasikia mnaongea nje."

Yudith aliendelea kuchambua. "Ndani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ndiyo shida yake."

"Pana nafasi ya wawili?"

"Hapana."

"Basi mimi nitakaa juu ya mfuniko."

Odilia alifikiri. "Ukikaa juu ya mfuniko, mpumbavu wewe, mimi nitatokea wapi?"

Yudith aliinamisha uso kwenye mchicha, akachambua na majani mazima akayatupa. Mpumbavu. Alilirudia neno lile moyoni kama mtu anayelamba kijiko. Alidhani sasa ndipo ukurasa wa kumi na mbili. Lakini kesho yake Odilia hakuamka kabisa, alilala amegeukia ukutani mpaka jioni, na siku iliyofuata vilevile. Hivyo ndivyo kitu kile kilivyokuwa. Kilikwenda na kurudi kama homa, na hakikuwa na namba ya ukurasa.

Ndipo Petro akaja.

Yudith alipomwona anaingia uani na kipande cha mti begani na tezo mkononi, alikaa chini mlangoni. Alikuwa amehesabu kila mtu mwenye mdomo akamsahau asiye nao. Petro angeweza kukaa bila kusema kitu tangu masika mpaka kiangazi na asijue kwamba amenyamaza.

"Shikamoo, Baba Odilia."

"Marahaba."

Akaketi kwenye kigogo, akaanza kuchonga mpini. Hayo ndiyo yalikuwa yote. Odilia alitoka ndani, akakaa mkekani si mbali naye. Jua lilipanda. Maganda ya mti yaliruka yakaanguka. Mchana Bibiana alileta mihogo ya kuchoma, Petro akavunja mmoja, akampa binti yake nusu bila kumtazama, na binti akaula, si wote. Petro aliona kilichobaki. Akafungua mdomo. Yudith alishika pumzi. Petro akaingiza humo nusu yake ya muhogo, akatafuna.

Habari zilienea. Alasiri ua ulikuwa umejaa. Mzee Kasian alikuja na kiti. Mwalimu Donati alisimama kwenye wigo na penseli. Shangazi alifika na furushi la nguo tayari limefungwa, akisema kwa furaha kwamba alijua tangu mwanzo, wanaume wa ukoo wao ni mawe. Yudith alikuwa amekaa mlangoni. Hakuwa na la kufanya. Mtani akishasema fidia yake hawezi kuibadili, hata ikimwua, na kamba aliifunga yeye mwenyewe.

Odilia alikuwa ameanza kuokota maganda ya mpini. Aliyaokota moja moja, akayapanga mapajani mwake, marefu na marefu, mafupi na mafupi. Hakuna aliyemwambia. Haikuwa kitu cha kuandika kitabuni. Mchoraji angeona nini hapo? Lakini Petro alikuwa anachonga polepole zaidi sasa, na baadaye watu walikumbuka kwamba maganda yalitoka makubwa kuliko inavyohitajika, kana kwamba anamtengenezea.

Jua likaingia kwenye milima. Lilibaki kidole, likabaki ukucha. Shangazi alijitwisha furushi.

Petro aliweka tezo chini. Akamtazama binti yake. Akamtazama Yudith, aliyekuwa amegeuza uso ukutani kama Odilia wa siku zile, mabega yamemshuka. Akakohoa, akasema kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, sauti ya mkutanoni:

"Changamka, mwanangu."

Ua mzima ulisema "Aaa!" kwa pamoja.

"Petro!" Shangazi alidondosha mzigo. "Wewe una wazimu? Ulikuwa umeshinda! Lilibaki hata halionekani!"

"Limenitoka," Petro alisema.

"Limekutoka? Wewe? Wewe ambaye ulioa kwa kutikisa kichwa?"

"Limenitoka. Nitajaribu tena." Akafikiri. "Mwakani."

Mzee Kasian alitazama milima, akatazama kiti chake, akatangaza kwamba jaribio limeshindikana kwa mujibu wa mila na kwamba mkutano umefungwa, ingawa haukuwa mkutano. Mwalimu Donati alikuwa amesimama na penseli hewani. Alimsogelea Yudith, akamnong'oneza kwa dhiki ya kweli, "Lakini hakucheka. Sasa niandike nini ukurasa wa kumi na mbili?"

"Weka trekta, mwalimu."

Watu walitawanyika wakibishana. Shangazi alikwenda mbele yao akiongea peke yake. Yudith alisimama, akamwendea Petro, na kwa kuwa alikuwa mtani, na kwa kuwa machozi yalikuwa yanamshuka na alihitaji kitu cha kuyafunika, alimtukana.

"Umeshindwa, mzee wa mipini! Utarudi mwakani, na utashindwa tena, una mdomo kama wa mwanamke wa kisimani!"

Petro hakukasirika. Aliinama kuchukua vitu vyake.

"Baba," Odilia alisema.

Wote wawili waligeuka. Alikuwa bado mkekani, maganda mapajani. Uso wake ulikuwa vilevile, mzito, hakuna jino lililoonekana.

"Huo mpini umepinda."

Petro aliuinua, akautazama kwa jicho moja akiuelekeza kwenye mwanga mdogo uliobaki.

"Umepinda," alisema. Akaketi tena, akashika tezo.